Wamefundishwa kunyamaza, sasa wanalaumiwa kwa kimya

Ukikaa na wazazi wenye mtoto wa kidato cha pili au cha tatu, iwe Lusahunga, Nyakahura au Ngara mjini, hutachelewa kusikia lalamiko moja: huyu mtoto siku hizi haongei. Anarudi shule, anatupa begi, anakula akiwa ameinamia simu, kisha anaingia chumbani. Akiulizwa habari za shule anajibu "nzuri". Akiulizwa mbona amenuna anajibu "sijanuna". Akiulizwa mara ya tatu, anauchuna. Mama anasema kapata kiburi. Baba anasema ni makundi. Jirani, ambaye hakuulizwa, anashauri aombewe.

Hakuna anayesema kwamba mtoto huyo anafanya kile kile alichofundishwa tangu ajue kusema.

Malezi ya kwetu humsifu mtoto asiyesikika. Wakubwa wakizungumza, aondoke. Akichangia, anaambiwa asidakie maneno ya watu wazima. Akilia, "nyamaza". Akijaribu kueleza jinsi ugomvi na mwenzake ulivyoanza, "unanijibu?" Mgeni akifika anaamkiwa shikamoo, anaitikia marahaba, na mazungumzo kati ya mkubwa na mdogo yamekwisha hapo, mgeni akiondoka atasema mtoto wa nyumba ile ana adabu, hata sauti yake haijulikani. Miaka inakwenda. Mtoto anafika 15, na ghafla watu wale wale wanataka aketi kitako awafungulie moyo. Kwa mazoezi gani?

Kimya cha namna hiyo kimejengwa nyumbani, tofali kwa tofali, na hakitabomolewa kwa maswali. Mzazi anayemchimba kijana aliyejifunga anaharibu zaidi. Anachoweza kufanya ni kazi ya taratibu: awe mtu ambaye kumwambia jambo hakumletei mtoto balaa, na akubali, bila wivu, kwamba huenda mtoto atamwambia mtu mwingine kwanza.

Lusahunga ni mahali pazuri pa kulitazama suala hili, kwa sababu hapo kila kitu kiko mwendoni. Ni kata ya Wilaya ya Biharamulo, mkoani Kagera, ambayo wengi wanaijua kwa barabara yake. Ukitoka Kahama, ukapita Ushirombo, Runzewe na Nyakanazi, unafika hapo na njia inagawanyika. Moja inakwenda Biharamulo mjini na mbele yake Bukoba. Nyingine inakata kuelekea Nyakahura, Benako na Rusumo, kilomita 92 hadi mpaka wa Rwanda. Malori yenye mizigo ya Bandari ya Dar es Salaam yanapita usiku na mchana, na riziki za familia nyingi zinayategemea: chakula, vyumba vya wageni, gereji, kuziba pancha, vocha, ndizi na mahindi ya kuchoma. Waliohamia ni wengi. Kando ya Wasubi na Wahangaza wenyeji, wapo Wasukuma waliofuata malisho na mashamba, na wapo Waha waliopanda kutoka upande wa Kibondo.

Kwa mtoto, maana yake ni kwamba ukoo uko mbali. Shangazi yuko Kakonko, bibi yuko Sengerema, baba yuko safarini na anapatikana kwa simu mtandao ukiruhusu. Aliyebaki ni mama, na mama yuko kazini.

Mfikirie mama lishe wa kando ya barabara hiyo saa nne usiku. Anahesabu noti za mauzo, anatenga za unga na za mkaa, anatumbukiza maharage ya kesho kwenye maji. Binti yake wa kidato cha tatu anasugua sufuria kwa jivu. Wako wawili, hakuna mteja, hakuna jirani. Ni nafasi adimu. Sikiliza yanayosemwa. "Umefunika maji?" "Kesho upite kwa yule muuza mkaa." "Ile michango ya shule mwisho lini?" "Usichelewe kurudi." Nusu saa inapita na karibu kila sentensi ni amri au ukaguzi. Binti anajibu "ndiyo mama", "sawa mama", wanakwenda kulala. Keshoye mama atawaambia wenzake kwamba mwanawe haongei, naye atakuwa anasema kweli. Ila mazungumzo yenyewe hayakuwapo. Kulikuwa na zamu ya kazi.

Huyu mama hana kosa la kusutwa nalo. Anachoka, na amri ni lugha ya mtu aliyechoka. Lakini sufuria zile na usiku ule ni mtaji. Vijana wengi hawawezi kusema jambo zito wakiwa wametazamwa usoni, wameketishwa kwenye kiti kama mshtakiwa. Husema wakiwa bega kwa bega na mtu, mikono ina kazi: kupukuchua mahindi, kuchambua mchele, kusukuma baiskeli yenye madumu ya maji. Macho yako kwenye punje, ulimi unalegea. Aliyewahi kupukuchua gunia zima na mtoto wa miaka kumi na sita anajua kwamba habari huanza kutoka karibu na nusu ya gunia, na kwamba hutoka kwa kuzunguka.

Mwaka 2000 watafiti wawili wa Sweden, Håkan Stattin na Margaret Kerr, walichapisha utafiti uliohusu vijana 703 wa miaka 14 pamoja na wazazi wao. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wameamini kwamba mzazi anayemfuatilia mtoto, akajua yuko wapi na nani, humwepusha na mabaya. Wawili hao wakauliza swali ambalo wengine walilipita: huyo mzazi anayejua, kajuaje? Jibu liliwashangaza wengi. Sehemu kubwa ya anayoyajua mzazi aliambiwa na mtoto mwenyewe, kwa hiari. Maswali na masharti vilichangia kidogo sana. Sweden si Biharamulo, na mzazi wa huko hafungi biashara saa nne za usiku. Lakini matokeo yale yanalingana na kile ambacho mwalimu yeyote wa shule ya kata atakiri: upekuzi humfanya kijana awe hodari wa kuficha. Akipekuliwa simu, anajifunza kufuta ujumbe.

Swali basi linageuka. Kwa nini mtoto mmoja asimulie kwa hiari na mwingine asisimulie?

Kijana hupima kina cha maji kwanza. Hatasema "nina tatizo". Atasema "kuna msichana wa darasani kwetu kapata mimba", au "kuna jamaa anavuta bangi nyuma ya shule", halafu atatulia aone uso wa mzazi. Mara nyingi mzazi hajui kwamba ameketishwa kwenye mtihani. Anajibu haraka: "Ndiyo maana nilikukataza kutembea naye." Au anapandisha sauti, anataka jina, anatishia kwenda shuleni asubuhi. Mtihani umekwisha, amefeli, na mtoto amepata jibu alilolitafuta: hapa hapasemeki. Aliyejibu "masikini, sasa yeye anasemaje?" angesikia sehemu ya pili ya habari, na pengine ya tatu, ambayo ndiyo yake mwenyewe.

Fimbo nayo ina sehemu yake, tena kubwa. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ukiwahusisha UNICEF, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa walisema walipigwa, wakachapwa au wakatishiwa silaha kabla ya kutimiza miaka 18. Wasichana karibu watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Kati ya wasichana hao, karibu nusu tu ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote. Wavulana waliosema walikuwa karibu theluthi moja.

Takwimu hiyo ya nusu inastahili kurudiwa polepole na kila mzazi anayesema "mwanangu angekuwa na shida angeniambia". Watoto waliofanyiwa jambo baya kuliko yote walikuwa na wazazi, walezi, walimu na majirani. Wengi wakanyamaza.

Hapa Kagera kuna tukio ambalo wakazi wa mkoa hawajalisahau. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano wa Shule ya Msingi Kibeta, Bukoba, alifariki baada ya kuchapwa shuleni akituhumiwa kuiba mkoba wa mwalimu. Nchi nzima ilishtuka, kesi ikaenda mahakamani, wanasiasa wakasema waliyosema. Wengi waliliona kama jambo la mwalimu mmoja. Lakini watoto waliosikia habari ile walichukua funzo jingine: mtu mzima akishaamua kwamba umekosa, maelezo yako hayana kazi. Mtoto anayejua kwamba ukweli na uongo vyote vinaishia kwenye fimbo atachagua njia ya tatu, afunge mdomo. Ni uamuzi wa akili timamu.

Na sheria, kwa hakika, iko upande wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Ni sheria ya Bunge la Tanzania, haikuletwa na wazungu kwenye semina, ingawa mtu akiitaja kwenye kikao cha ukoo atatazamwa kama aliyeleta usumbufu.

Wazee watasema zamani hakukuwa na shida hii ya kimya. Wana hoja, na hoja yenyewe si ile wanayoidhani. Zamani mzazi hakutarajiwa kuambiwa kila kitu. Kulikuwa na mgawanyo wa kazi. Pwani msichana alikuwa na somo na kungwi. Buganda alikuwa na ssenga, shangazi upande wa baba, aliyebeba mambo ya mwili na ndoa. Kwa jamii za Kagera shangazi na bibi walikuwa na nafasi kama hiyo, na utani kati ya babu na mjukuu uliruhusu maneno ambayo baba asingeyasikia bila kukasirika. Jamii zilielewa kwamba kuna mambo mtoto hawezi kumwambia aliyemzaa, zikamwekea mtu. Barabara, kazi za mshahara na vyumba vya kupanga vimewatawanya watu hao, na mzigo wote ukaangukia kwa baba na mama ambao hawakuandaliwa kuubeba. Wengi wao wenyewe hawakuwahi kuzungumza na wazazi wao.

Isisemwe kwamba mfumo ule ulikuwa wa malaika. Shangazi wengine walimfunza binti kuvumilia kipigo, na siri za aibu za ukoo zilifukiwa na hao hao waliopaswa kuzifukua. Mtu wa pili wa mtoto, wa kumwambia yasiyosemeka kwa mzazi, hawezi kuteuliwa kwa sababu tu ya udugu. Mtoto ndiye amchague, na mzazi amjue.

Kagera ina somo lake la kufundisha nchi nzima kuhusu watoto walionyamaza, somo lililopatikana kwa gharama kubwa. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani hapa. Miaka kumi baadaye mkoa ulikuwa umejaa yatima. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walizitembelea kaya zaidi ya 900 katika wilaya zote za mkoa wa wakati huo, Ngara na Biharamulo zikiwamo, wakarudi kuwatafuta watu wale wale mwaka 2004 na tena 2010. Ni moja ya kazi ndefu za utafiti wa kaya barani Afrika. Waligundua kwamba mtoto aliyefiwa na mama alikua akiwa mfupi kwa karibu sentimita mbili kuliko ambavyo angekuwa, na alipoteza karibu mwaka mmoja wa shule.

Kimo kilipimwa, miaka ya darasani ikahesabiwa. Kilichokuwa kimewajaa watoto vifuani kilikuwa na wachache wa kukitazama. Ng'ambo ya mpaka, Rakai nchini Uganda, uchunguzi wa Sengendo na Nambi uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha yatima wakiwa na huzuni nzito huku walezi na walimu wao wakiwa hawana maarifa ya kuitambua wala kuishughulikia. Dar es Salaam, mwaka 2002, watafiti waliwalinganisha yatima 41 na watoto wengine 41. Asilimia 34 ya yatima walikuwa wamewaza kujiua katika mwaka uliotangulia. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 12. Shida za yatima wale zilikuwa za ndani zaidi: huzuni, wasiwasi, kukata tamaa. Mtoto wa aina hiyo hapigi wenzake wala hatoroki shule. Anakaa dawati la nyuma, anaandika vizuri, na mwalimu anamsifu kwa utulivu.

Jibu mojawapo lilizaliwa Nshamba, wilayani Muleba. Mradi wa Humuliza, ulioanza miaka ya 1990 chini ya Kurt Madörin wa shirika la terre des hommes la Uswisi, ulianza kwa kuwafunza walimu namna ya kumtambua na kumsikiliza mtoto aliyefiwa. Kisha mwaka 2000 vijana wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Kilikuwa chama cha kweli, chenye uongozi na mikutano, na wanachama wake walikuwa yatima wa rika la sekondari. Walisaidiana kazi za nyumbani, waliwasaidia vikongwe, na waliwatetea wenzao walioonewa. Wadogo wakapata kikundi chao, Rafiki Mdogo. Tathmini ya mwaka 2005 ya Glynis Clacherty na David Donald ilieleza jinsi vikundi hivyo vilivyowapa watoto watu wa kuwakimbilia. Kutokana na uzoefu wa Nshamba likakua shirika la kikanda, REPSSI, linalofanya kazi katika nchi nyingi za mashariki na kusini mwa Afrika. Wakazi wa Lusahunga wako mkoa mmoja na Muleba, na bado ukiuliza wangapi wamewahi kusikia habari za Humuliza utapata wachache.

Jambo la kujifunza kwa mzazi ambaye yu hai na mtoto wake yu chumbani ni hili: vijana wale hawakufunguka kwa sababu mtu aliwabana. Walifunguka baada ya kuwa na wenzao, kazi ya kufanya, na mtu mzima mmoja aliyekuwa tayari kusikia bila kuruka juu.

Uganda iliongeza kipande ambacho wazazi wengi hawakipendi. Chama cha wanawake wanaoishi na VVU, NACWOLA, kilieneza kitabu cha kumbukumbu: mama anakaa na mwanawe, wanaandika pamoja asili ya familia, alivyozaliwa, alivyoumwa surua, baba yake alikuwa mtu gani, na ndani yake mama anasema kuhusu ugonjwa wake. Kazi hiyo ilianza kwa mama kuvunja kimya chake mwenyewe. Watoto walikuwa wameshahisi. Walikuwa wananyamaza ili kumlinda mama, na mama ananyamaza ili kuwalinda wao.

Si lazima pawe na maradhi ili jambo hilo liwe kweli. Ni mzazi gani amewahi kumweleza mwanawe wa kidato cha pili kwamba naye alifeli, alidanganywa, aliachwa, alikopa akashindwa kulipa? Wengi husimulia ushujaa: tulitembea kilomita kumi pekupeku, hatukuwa na viatu, lakini tulifaulu. Hadithi hiyo haimwaliki mtoto kusema chochote. Inamjulisha tu kwamba yeye ni dhaifu. Mzazi akisema "mwezi huu biashara imenipa hofu, nimelala vibaya", bila kumtwisha mtoto deni lake, amemwonyesha kwamba hofu ni kitu kinachosemeka ndani ya nyumba ile.

Kuna ushahidi kwamba mambo haya yanafundishika. Programu ya malezi ya vijana iliyojaribiwa Afrika Kusini katika jimbo la Eastern Cape, kwa familia 552, ilipunguza ukatili nyumbani na kuboresha malezi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Ililetwa Tanzania kwa jina la Furaha Teens na kufika katika wilaya nane. Moja ya mambo ya mwanzo wanayofanya wazazi na vijana humo ni kupanga muda wa kukaa wawili tu, bila ukaguzi wa madaftari. Mtu anaweza kucheka kwamba hilo nalo linahitaji programu. Lakini mfikirie mama lishe yule na sufuria zake.

Yote hayo yanahusu kimya cha kawaida, kile cha kijana anayekua na kutaka mlango wake. Hicho si ugonjwa. Kijana anayecheka na wenzake, anayekula, anayelala, anayekwenda shule, lakini akakataa kusimulia nyumbani, aachiwe nafasi yake, na mlango usiwe wa kugongwa kila saa.

Kimya kingine hakistahili subira. Kijana aliyeacha hata rafiki zake na mpira wake. Anayekosa usingizi wiki baada ya wiki, au anayelala mchana kutwa. Aliyekonda ghafla, anayegawa vitu vyake alivyovipenda, anayesema bora asingezaliwa. Msichana anayetetemeka akitajiwa mtu fulani au anayekataa kabisa kutumwa nyumba fulani. Wanaopanga magetoni karibu na shule za kata, chumba kimoja, kufuli moja, mzazi anakuja mwisho wa mwezi na debe la unga, wako hatarini zaidi kwa sababu hakuna anayewaona kila siku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi 70, hao ni kumi.

Kwa hao, kuwaambia wajikaze ni ukatili. Swali la moja kwa moja, kwa sauti ya chini, "umewahi kuwaza kujidhuru?", halipandi wazo ambalo halikuwapo, mara nyingi humpa nafuu aliyekuwa analibeba peke yake. Baada ya hapo ni kituo cha afya na ofisa ustawi wa jamii, si kwa mganga kwanza.

Tatizo ni kwamba sheria yenyewe inamtisha kijana wa namna hiyo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba. Bunge la Dodoma halina sababu nzuri ya kusubiri mtu aende mahakamani. Mtoto anayezama hawezi kuomba msaada mahali ambapo kuomba msaada ni kukiri kosa.

Na shule zisijifiche nyuma ya wazazi. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri nasaha kwenye karatasi. Katika baadhi yake mwalimu huyo ndiye pia wa nidhamu, mwenye fimbo. Hakuna mwanafunzi atakayekwenda kumlilia saa nne mtu atakayemchapa saa sita. Kazi hizo mbili zitenganishwe, na hilo halihitaji bajeti, linahitaji mkuu wa shule kuamua. Kenya imeonyesha pia kwamba msikilizaji si lazima awe daktari. Taasisi ya Shamiri, iliyoanzishwa na Tom Osborn, iliwatumia vijana waliomaliza sekondari muda mfupi uliopita kuongoza vikundi vya wanafunzi kwa vipindi vinne tu. Jaribio lao kwa wanafunzi 413, lililochapishwa mwaka 2021, lilionyesha dalili za huzuni na wasiwasi zikipungua zaidi kuliko kwa waliofundishwa mbinu za kusoma. Biharamulo na Ngara zina vijana waliomaliza kidato cha nne na cha sita wakiwa wanakaa vijiweni. Zina pia Redio Kwizera ya Ngara, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda na Burundi, ambayo wazazi wa huku wanaisikiliza wakiwa jikoni na shambani. Saa moja kwa wiki ya vijana kuzungumza na wazazi kusikiliza, bila kukatiza, ingefaa kuliko semina nyingi.

Halmashauri zote mbili zina ofisa ustawi wa jamii, na polisi wana dawati la jinsia na watoto. Katika kikao kijacho cha wazazi, kabla ya kufika kwenye michango, mkuu wa shule awasimamishe hao watu wawili waonekane sura, na aseme wazi ni mwalimu gani hatabeba fimbo. Kisha namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, iandikwe ubaoni kwa chaki, kubwa. Haina malipo, na anayepiga anaweza kuwa mtoto mwenyewe au mzazi aliyeishiwa maneno.